Kichupa cha Mate

Jumatatu, 3 Machi

Niandike mapema kabla sijawa maarufu nikakosa nafasi: hakuna kiumbe duniani mwenye mapafu kama yangu. Nikipuliza, vumbi la msumeno linahama karakana nzima. Leo nimezima jiko la jirani kwa pumzi moja, mimi niko nje ya uzio! Jirani kasema ni upepo. Wivu.

Mapafu haya ningemgawia mtoto wa Kaka. Ana miaka minne, tunamwita Bosi maana anatoa amri hata akiwa hoi. Jana pumu imembana tena. Mabega juu, mbavu zinachomoza, kifua kinapiga filimbi. Shemeji akamshikia inhela ya dawa mdomoni. Sauti iliporudi, neno la kwanza: baba mdogo, unanuka gundi. Shukrani ya punda!

Kaka naye na wimbo wake uleule: ukoo wetu ni vifua vya chuma, hiyo pumu mtoto kaitoa kwa mama yake. Shemeji aliosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Nimewasindikiza mimi, Kaka ana kabati la mteja. Daktari ni binti mdogo tu, anatafiti familia zenye watoto wa pumu. Kaeleza vizuri, hata mimi niliyeacha shule kwa hiari (yao) nimeelewa. Mwilini mna walinzi. Vumbi likiingia, mlinzi mmoja anawapasha habari wenzake. Kwa watoto wengine habari ile inafika kama ukelele wa mwizi — mtaa mzima unatoka na marungu, kumbe ni paka! Njia ya hewa inavimba, pumzi inakwama. Ukubwa wa ukelele unatokana na jeni, nusu ya baba, nusu ya mama. Si kila mwenye jeni hizo anaugua. Vumbi, moshi na mafua navyo vinachochea.

Nikauliza, kwa hiyo Bosi ana walinzi waoga? Daktari: hapana, wana bidii kupita kiasi. Bosi: siyo kama baba mdogo. Nesi alicheka hadi akatafuta kiti.

Jeni husomeka hata kwenye mate, kwa hiyo wanataka mate ya mtoto, ya mama na ya baba. Shemeji katema yake upesi kama mtu aliyeisubiri siku hiyo. Njiani akaniambia, sasa tutaona kelele imetoka upande gani. Kichupa cha Kaka tumepewa, kirudi kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka katema mate kabla ya chai, ananung'unika utadhani anatoa figo. Nimetumwa kichupa. Nimefikisha. Nesi kapokea, kasaini, kanishukuru. Njiani kulikuwa na mambo madogo, lakini simba haulizwi alikopita.

Jumamosi, 22 Machi

Bosi mzima wiki yote. Kanifukuza kazi mara mbili.

Jumanne, 15 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Daktari yuko safari. Kapiga simu karani wake, mdomo kama mlango wa choo cha stendi. Simu ya Kaka husikika kwa spika tu, kwa hiyo tumesikia wote — mimi na msasa wangu, mwenye kabati, hata msumeno. Karani: jeni ile ya kelele imo kwa mtoto, na imo kwenye kichupa cha baba, kwa mama haimo. Shemeji alikuwa na haki! Kelele ni ya ukoo wetu, wa vifua vya chuma!

Hakuna aliyeshangilia. Karani hakunyamaza. Ila, akasema, kuna tatizo. Mwenye mate yale si mzazi wa mtoto. Ni ndugu wa karibu, kama vile baba mkubwa au mdogo.

Kaka akakata simu. Tumezaliwa wawili tu, yeye na mimi; kama yeye ni baba mkubwa, basi baba ni nani? Nimeishi nyumbani kwake tangu walipooana. Akanitazama. Hakunipiga. Bora angenipiga. Akachukua randa akaendelea kuranda ubao uliokwisha kunyooka, hadi ukawa mwembamba kama karatasi.

Jumatano, 16 Aprili

Shemeji kaapa kwa kila kinachoapika. Kaka kamjibu taratibu: mate nimetema mwenyewe, asubuhi, mbele yako. Mashine haimjui mtu. Yeye anaamini. Na kweli alitema.

Shemeji kanigeukia mbele yake, akalia: shemeji yangu, sema neno! Wewe unayesema mchana kutwa, leo umemeza ulimi?

Nikasema, Kaka, si kweli. Basi. Maneno matatu! Mimi!

Kaka: toka mbele yangu kabla sijasahau nani alikulea.

Sasa niko chumbani. Nasikia zipu ya begi. Bosi anauliza tunakwenda wapi, hajibiwi, anauliza tena na kifua kimeshaanza filimbi. Vumbi la kuvuta mabegi chini ya kitanda, halafu machozi. Walinzi wake wameshapiga ukelele. Na safari hii mwizi yupo kweli.

Haya. Siku ile, pale kona ya fundi viatu, nilikuwa narusha kichupa cha Kaka hewani na kukidaka nyuma ya mgongo, wenzangu wananipigia makofi. Mara ya nne sikukidaka. Kifuniko kikaruka, ardhi ikanywa. Nikasema mate ni mate, ukoo mmoja, tumbo moja. Nikakijaza mwenyewe, tena nikajisifu nimekijaza haraka kuliko Kaka.

Nikitoka sasa kusema hivyo, nani ataniamini? Hata mimi ningecheka. Mwongo gani hasemi hivyo akibanwa?

Mlango wa mbele umefunguliwa. Filimbi ya Bosi iko uani. Inhela yake iko hapa dirishani kwangu, alikuwa anaichezea jana; nimeishika, natoka nayo.

Mate yalikuwa yangu. Kaka, mate yalikuwa yang