Mstari wa Mwisho wa Barua ya Kazi

Ishiara, 9 Februari 1986

Baba mpendwa,

Mko wazima? Kikohozi cha Mama kimepungua? Mimi niko salama hapa kwa shangazi, ila jua la Mbeere linaunguza.

Baba, nimepeleka barua nane kwenye ofisi ya mradi wa maji kuomba kazi ya ufundi wa pampu. Zote nilimaliza ulivyonifundisha: "If given a chance, I will do my best." Hakuna jibu. Jana karani aliniambia, "Msichana, tunatafuta fundi." Nikamwonyesha cheti. Akacheka.

Ya tisa nitaiandika bila huo mstari.

Binti yako,
Igoki


Runyenjes, 17 Februari 1986

Igoki binti yangu,

Mama hakohoi tena, anakusalimu. Mvua bado, lakini kahawa inavumilia.

Mstari huo, kwamba ukipewa nafasi utajitahidi, ni adabu. Mimi niliuandika nikaajiriwa ualimu. Anayeomba hajisifu. Uandike.

Baba yako,
Mwalimu Njue


Ishiara, 2 Aprili 1986

Baba,

Habari za siku nyingi? Nisamehe kwa kukaa kimya. Hata hiyo barua ya tisa sikuiandika.

Pampu ya soko ilikufa. Wanawake wakaanza kuteka maji mtoni, na shangazi akarudi mguu umevimba. Nikamwendea mzee Mutegi, mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nipe spana na wanaume wawili wa kuvuta bomba."

"Na ukiivunja?"

"Imeshavunjika, mzee."

Ngozi ya ndani, ile inayovuta maji, ilikuwa imelika. Nilikata nyingine kutoka kwa kiatu changu cha kanisani. Saa nane mchana maji yakatoka, kwanza matope, halafu safi. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Sasa ile ofisi imeniita niwe msaidizi, nimshikie fundi vyombo vyake. Nimekataa. Kamati imeshanikabidhi pampu tatu, na zote zinatoa maji. Najua utakasirika, lakini kazi hii naiweza.

Binti yako,
Igoki


Runyenjes, 21 Aprili 1986

Igoki,

Sisi wazima. Mvua imekuja, Mama yuko shambani tangu alfajiri.

Ni kweli nilikasirika, siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaona haya. Nilikuambia mstari ule ulinipa ualimu. Sikukuambia kwamba nimeuandika mara nne nikiomba kuwa mwalimu mkuu, na mara nne nikakaa kungoja. Walioteuliwa hawakunishinda kufundisha. Walijitokeza tu, mimi nikabaki na adabu zangu.

Jana baada ya misa jirani yetu Ndambiri aliniuliza kama bado unatafuta kazi. Nikamwambia, "Hapana. Igoki ni fundi." Mama akanitazama, akacheka kidogo.

Jumamosi shule imefungwa, nitakuja Ishiara. Usinitafutie kiti. Kama kuna bomba la kuvuta siku hiyo, utanionyesha pa kushika.

Baba