Gari la Kumfikisha Mama

Jumatatu, 4 Machi

Gari langu limekufa. Fundi alifunga boneti polepole, kama anayefunika maiti, akanipa pole.

Sasa nanunua jingine, na nimeshaamua: fo-bai-fo halisi, lenye fremu ya lori chini yake. Si hizi krosova – magari ya mjini yaliyovalishwa buti za jeshi! Njia ya kwa Mama haitaki porojo. Korongo, mawe, halafu kilima chenyewe.

Mama yuko kwangu tangu alipobadilishwa nyonga. Daktari ameruhusu arudi kwake, mradi ahudhurie kliniki. Kaka naye ana sharti lake: gari lisipofika mlangoni, Mama anahamia kwake, mjini, moja kwa moja. Mama anasema kwa Kaka atahamia akiwa amebebwa, tena amefumba macho.

Nimemwapia Kaka. Gari litafika mlangoni.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Lenye fremu ya lori: bodi imekalia vyuma kama nyumba juu ya msingi. Linabeba, linavuta, halijali mashimo. Krosova: bodi na fremu ni kitu kimoja, kama yai. Nyepesi, laini, hainywi mafuta. Yai!

Nimeandika nusu ya safu yangu ya Jumamosi gazetini: watu wanaonunua sura na kusahau uti wa mgongo. Imetoka moto. Mume wangu akaisoma, akauliza kama Mama ameliona hilo gari. Nikamwambia Mama haendeshi, anakaa tu. Akasema, haya.

"Haya" ya mume wangu ni ndefu kuliko safu zangu zote.

Alhamisi, 7 Machi

Yadi ya magari. Tumekwenda na Mama kwa teksi, yeye na viatu vyake vya kutokea. Muuzaji, bwana mmoja wa tai na manukato, akaanza kuisifia krosova. Nikamvunja hoja moja baada ya nyingine. Hakubisha hata moja! Akafungua mlango wa lile kubwa la fremu ya lori. Nimeshinda.

Kisha Mama akajaribu kupanda.

Mguu mzima kwenye ngazi ya pembeni. Mkono kwenye kishikio. Mguu wa nyonga mpya ukagoma. Akashuka. Akajaribu tena, jasho juu ya mdomo. Muuzaji, kwa wema wake, akamshika makwapa akamnyanyua – hop! – Mama huyo ndani, kilemba kimemwangukia shingoni.

Mama yangu, aliyewahi kumnyamazisha hakimu! Alitazama mbele tu, mikono mapajani.

Muuzaji akasema asijali, popote aendapo hakosi mtu wa kumnyanyua.

"Asante, baba," Mama akamjibu. "Na wewe, mkeo anakupandishaje kitandani?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alipokwisha kuteremshwa, alinivuta kando. "Mwanangu, mimi si gunia la viazi."

Kwenye krosova aligeuza mgongo, akakaa. Akaingiza mguu mmoja. Wa pili. Kama kochi lake la nyumbani. Akafunga mlango mwenyewe. Akaufungua. Akaufunga tena.

Jumamosi, 9 Machi

Muuzaji amenipa krosova niijaribu mpaka Jumatatu. Mvua imenyesha. Nimekwenda peke yangu, nikiomba – Mungu anisamehe – ishindwe, ili niwe nimesema kweli.

Korongoni tumbo la gari lilikwaruza mawe. Ikapita! Kwenye kilima cha mwisho, matairi yakazunguka pale pale yakinuka mpira. Nikarudi nyuma hadi kwenye ua wa jirani, nikazima. Kutoka hapo mlango wa Mama unauona, hata kufuli yake unaiona. Huufikii.

Kwa hiyo nilikuwa na haki. Sijawahi kuchukia hivi kuwa na haki.

Nimemweleza Mama. Nimejiandaa kwa vita, hoja ziko mkononi.

"Linaishia wapi?"

"Kwenye ua wa jirani yako."

"Basi, gari litafika hapo. Mimi nitafika nyumbani."

Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Nimeyameza. Safu sikuituma, mhariri anadhani naumwa.

Jumapili, 10 Machi

Naandikia juu ya usukani. Ua wa jirani. Njia imekauka kidogo, ila kilima bado kimekataa. Mama amefungua mlango, ametoa miguu, amejiinua kwa fimbo. Nikashuka kumshika. Akanitazama – nikarudi kukaa.

"Ukinifuata, utanihurumia," alisema. "Ukinihurumia, nitaanguka."

Sasa anapanda. Fimbo, mguu, mguu. Anasimama. Jirani ametoka na beseni la nguo, akaniuliza kwa nini namwacha bibi wa watu apande peke yake na mimi nimekaa kama abiria. Swali zuri! Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nimenyanyua mabega.

Amepita nusu. Amesimama tena, safari hii muda mrefu, mkono kwenye nyonga. Hageuki.

Simu inalia. Kaka. Najua atauliza neno moja tu: mmefika?

Ameinua fimbo. Hapana – anafuta jasho. Simu bado inalia, na mkono wangu uko kwenye kitasa cha mlango wa gari, bado sijaufungua.