Maillot ya Dusabimana

Kavuo, uko?

Dusabimana, mutoto wa Mama Epiphanie mwenye alienda kucheza mpira Ulaya, amepiga video kwa telefone yangu toka Ubelgiji. Amevaa maillot, jezi ya timu yake, anasema wanamupenda sana.

Mama yake amesimama mu migomba ya watu hapa Shasha kwenye tulikimbilia, mutoto afikiri bado wako kwao Kirolirwe. Hajamuambia kama nyumba ilichomwa mu vita.

Njo patron mumoja, bosi wa kazi, akaita nyuma ya mutoto, kwa Kifaransa: “Acha telefone, maliza kuosha sahani.”

Sahani, Kavuo. Na maillot mu mwili.

Dusabimana akakata. Mama akanirudishia telefone: “Usimuambie kama nimesikia.”

Sasa hivi Dusabimana ameniandikia: “Dada, mama asijue. Timu ilinifukuza. Nimechoka, narudia nyumbani Kirolirwe.”

Nimujibu nini?