Moshi wa Raba Kwenye Mashuka ya Watalii

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba msaada, ingawa shida yenyewe imekwisha, na hapo ndipo shida yangu imeanzia. Mimi ni mzee, shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mkono wa mwalimu ulikuwa mzito kuliko kichwa changu, kwa hivyo ukikuta herufi imelala, iruke uendelee. Natoka Kisii lakini nimekaa hapa Homa Bay miaka kumi na mbili, nakata magurudumu ya gari yaliyozeeka natengeneza akala, na karibu nusu ya miguu ya soko hili inatembea juu ya kazi yangu.

Sasa kibanda changu kiko karibu na ziwa, na wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda asubuhi kama wingu wanaingia puani, kwa chai, mpaka kwa Biblia, basi kila asubuhi nilikuwa nachoma vipande vya raba vilivyobaki, moshi mweusi unatoka, wadudu wanahama, na mimi nakunywa chai kwa amani, sikuuliza moshi unaenda wapi, maana ukishatoka kwako unaona si wako tena. Kumbe ulikuwa unaruka ua na kukaa kwa mashuka. Jirani yangu wa upande wa pili ni Bathsheba, tunasali naye Sabato, yeye hufulia gesti moja ya watalii, wale wazungu wanaopita hapa kwenda mbuga ya Ruma, na mzungu akiona doa jeusi kwa shuka anafikiri ni kunguni anayemngoja. Bathsheba akabadilisha sabuni, akabadilisha maji, akachemsha mashuka mpaka yakataka kuwa uji, madoa yako pale pale, na meneja, Kerosi, akamwambia doa moja tena atafute kazi kwingine.

Mimi nilijua. Siku ya kwanza hapana, lakini siku ya tatu nilipitisha kidole kwa kamba yake ya nguo nikaona masizi yale yale yaliyo kwa dari yangu. Na bado alipokuja akilia, "Baba Monari, ni nini hii inanifuata?" nikamwambia, "Mwanangu, si ni moshi wa Filister tu." Filister ni mama anayekaanga mgongo wazi pale ufukoni, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani wakishatoa nyama. Nilisema hivyo ili aondoke chai isipoe. Lakini yeye akaenda kwa chifu, na Filister akahamishwa mpaka nyuma ya kichinjio, mahali mteja akifika ameziba pua. Siku hiyo alipita na karai kichwani akanisalimia, "Jaduong', sasa nani atakupa mifupa?" kwa maana kila siku alikuwa ananiwekea mmoja wa bure, ananiita jaduong', mzee, kama baba yake.

Madoa hayakuisha, yangeishaje. Bathsheba akarudi ati nimuombee, na mimi kwa aibu na kwa huu utundu wangu nikanyosha mikono juu ya beseni la mashuka, nikaomba Kigusii cha haraka haraka, nikafunga na amina kubwa.

Wiki hiyo hiyo kifua kikanibana, nikakohoa mpaka nikaona nyota mchana, nikasema hii ni TB, nikaaga hata nyundo yangu, nikaenda hospitali wakanipiga picha ya kifua. Daktari akauliza, "Mzee, unavuta nini?" Nikamwambia mimi ni Msabato, sivuti. "Basi unachoma nini?" Nikasema raba. Alicheka kwanza, halafu akakasirika. Akasema TB sina, kifua kimechoshwa na moshi, nikiacha kitapona. Mama, nilitoka pale mwepesi kama nimevuliwa gunia la mahindi mgongoni, nikawa nasalimia hata mbuzi. Raba niliacha siku hiyo, na wadudu sasa tunakunywa chai pamoja.

Mashuka nayo yakawa meupe. Sabato iliyopita Bathsheba akasimama kutoa ushuhuda, akasema, "Namshukuru Mungu kazi yangu imebaki. Na namshukuru Baba Monari. Kile alichofanya wiki hizi mbili, namwomba aendelee hivyo hivyo, asirudi nyuma." Kanisa lote likaitikia amina, na yeye akanitazama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tangu hapo akina mama wananiletea vitu niviombee, jana Nyamusi ameleta kuku anayetaga mayai laini.

Nimefurahi, sitakudanganya, nalala vizuri. Lakini nikisema ukweli Bathsheba atavunjika moyo, na nikinyamaza Filister ataozea kule kichinjioni. Ni lazima niseme? Ama nimuombee tu Filister arudi, kwa vile naona maombi yangu yanashika?

Monari, fundi wa akala
Homa Bay, 1996

*

Mzee Monari,

Pole kwa kifua, na nashukuru si TB. Nimecheka, na nisingecheka ningekuandikia vibaya.

Sasa kaa chini usome tena maneno ya Bathsheba. Hakutaja maombi. Alisema "kile alichofanya", akakuomba usirudi nyuma. Unafikiri mfuaji hajui harufu ya raba iliyoungua? Moshi wa Filister ungeacha mashuka yakinuka samaki. Pengine mwanzo alikuamini, lakini Filister alipohamishwa na madoa yakabaki, alianza kunusa. Moto wako ukazimika, mashuka yakatakata, na yeye hesabu hiyo anaijua. Mama huyo amekusitiri mbele ya kanisa zima, na wewe unajiona mjanja uliyemdanganya. Nenda umwambie, "Ilikuwa mimi." Usiongeze hadithi. Kisha umpeleke hospitali naye akapigwe picha ya kifua, kwa sababu amesimama katika moshi wako kila asubuhi, na kifua hakianikwi kwa kamba.

Filister hajasitiriwa na mtu. Kwa chifu uende mwenyewe, kwa miguu yako, useme kwa mdomo ule ule uliomsingizia. Ukishapata ruhusa arudi, karai lake ulibebe wewe, kichwani, mchana, upitie katikati ya soko. Wakikuuliza, wajibu.

Raba usichome tena, hata wadudu wakija kama mvua. Vipande vikate bawaba za milango ya vibanda vya kuku, na kikombe kifunike na sahani kama wazee wengine. Kuku wa Nyamusi umrudishe. Hataki maombi, anataka maganda ya konokono wa ziwani yaliyopondwa.

Ukimaliza kumwekea Filister karai mafigani, usimkumbushe mifupa. Akikupa mmoja, kula ushukuru. Asipokupa, rudi kwa chai yako na wadudu wako.