Pombe Nyeusi Niliyoimwaga Laeken

Laeken, Brussels
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Sylvestre,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni wangu, yaya wako Godelive, dada yako mkubwa, na sijafiwa na mtu wala sitafuti karatasi yoyote kutoka ofisi za huko. U hali gani? Fifi mkeo hajambo? Na yule binti yenu ambaye sijamwona hata kwa picha, nimesikia kwa mama mdogo Odile kwamba ameota meno na anauma kila kinachomkaribia. Katika hilo amefuata upande wangu. Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kwenye ngazi, na mvua ya hapa haina adabu, inaingia hata mwezi wa tano kama mgeni asiyejua kuaga.

Ni miaka minne tangu kilio cha mama, na kwa miaka hiyo yote sijakuandikia hata neno moja. Watu wakiniuliza nasema ni kazi. Si kazi. Nilikukasirikia kwa sababu ya ile bidoni ya kibuku, dumu zima la pombe ya kienyeji, uliyoileta kilioni, ambayo niliimwaga mbele ya watu nikakuita mlevi. Hasira ilipopoa nikabaki na kiburi, nacho kwangu hakipoi upesi. Ninachotaka kukuambia leo hakisemeki kwenye simu. Kwenye simu ningepaza sauti kama kawaida yangu, nawe ungekata. Kwa hiyo nivumilie, nianze na habari za kazini, utaona zinakokwenda.

Nasafisha nyumba za watu. Jumanne na Ijumaa naenda kwa mzee mmoja wa Finland, Bwana Eero, ghorofa ya tano, hatua chache kutoka ninapokaa. Yeye na mkewe Aino walihamia Brussels nchi yao ilipoingia Umoja wa Ulaya, akawa anatafsiri makaratasi ya wakubwa kule Schuman, kwenye ofisi za Umoja huo, mpaka alipostaafu. Aino amefariki, huu mwaka wa tatu. Binti yao Kaisa anaishi kwao Helsinki.

Miezi ya kwanza nilidhani mzee huyu ananichukia. Unamsalimu, anatikisa kichwa. Unamwuliza kama amelala vizuri, anafikiri kwanza kana kwamba ni swali la mtihani, halafu anasema ndiyo. Wewe unanijua, mimi nikinyamaza dakika tano watu huanza kunipima homa. Kumbe ndivyo walivyo kwao. Maneno hawayatupi ovyo. Siku moja nilikuta amenisogezea ndoo karibu na kabati ili nisiiname, nikajua tumeshakuwa marafiki.

Mwezi wa tatu Kaisa alikuja kumtembelea baba yake. Alikuta sufuria imeungua na funguo zimo kwenye friji. Akanivuta jikoni, akaniambia anaogopa kwamba baba yake anaanza kusahau, na kama itaendelea itabidi ampeleke kwenye nyumba ya wazee. Akaniomba nimwangalie na nimpigie simu nikiona jambo. Mzee alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilimwona anavyoshika ule ukingo wa mlango.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumanne moja mwishoni mwa mwezi wa nne nilifungua mashine ya kuosha vyombo nitoe sahani. Katikati ya sahani safi imesimama chupa, kifuniko kimekazwa, na ndani yake maji meusi kama lami. Nikaifungua nikanusa. Pombe! Pombe kali, yenye harufu ya dawa. Sylvestre, nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilijiona mjanja. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo sababu ya sufuria na funguo. Nani anaficha chupa kwenye mashine ya kuosha vyombo kama si mlevi? Nimekulia kwenye ua ambao lutuku, gongo la kwetu, ilifichwa hadi ndani ya gunia la makaa, mimi hanidanganyi mtu. Nikaimwaga yote kwenye sinki, nikaikemea kwa jina la Yesu, nikaosha chupa mara tatu, nikaipanga na chupa nyingine. Nilirudi nyumbani naimba.

Ijumaa nilimkuta mzee amekaa mezani, chupa ile tupu iko mbele yake.

Akaniambia, “Godelive, nilitengeneza kitu Jumatatu. Au nadhani nilitengeneza.”

Nilianza kufuta jiko ambalo lilikuwa safi.

“Nimetafuta kila mahali,” akasema. “Nakumbuka nikitwanga. Nakumbuka nikiiweka kwenye mashine. Labda niliota. Labda Kaisa anasema kweli.”

Alisema polepole, bila kulalamika, akiitazama chupa. Mimi nikafuta jiko, nikafuta dirisha, nikachukua koti langu nikaondoka. Nikiwa na miaka kumi na moja, nilipomwibia mama sukari, nilikuwa na ujasiri zaidi ya huo.

Jumamosi nilikwenda Saint-Josse kwa Maman Bijoux, rafiki yangu wa kanisani, mtu wa Likasi, nikamweleza. Yeye alikuwa anasuka nywele za mteja, hakuinua hata macho.

“Nyamaza, chérie,” akasema. “Bon, ukisema, watakufukuza kazi, donc utakuwa umepata nini? Muzee wa miaka makumi munane, kesho atasahau.”

“Lakini hajasahau, Bijoux. Ndiyo shida. Anakumbuka vizuri, na kwa sababu yangu anafikiri amerukwa na akili. Watamutoa mu nyumba yake.”

“Alors?” akasema. “Ni weye ulimuzalaka, ni mutoto yako?”

Sikulala vizuri siku zile. Jumanne niliingia, sikuvua hata koti, nikasimama mbele yake nikasema, “Monsieur Eero, wewe hukuota. Ni mimi. Niliimwaga. Nilidhani unakunywa kwa siri.”

Unajua sasa kimya chake kilivyo. Nilihesabu vigae vyote vya ukuta wa jikoni.

“Kwa hiyo nilitengeneza,” akasema mwishowe.

“Ulitengeneza.”

“Na ilikuwa nyeusi?”

“Nyeusi sana, Monsieur. Na harufu yake kali.”

Basi mzee akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, sikujua kama ana sauti hiyo. Alicheka mpaka akavua miwani, akafuta macho kwa leso, na nikaona kwamba hakikuwa kicheko peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa; badala yake alinishika mkono akaniambia asante mara mbili. Kisha akatulia, akasema, “Ule ulikuwa mfuko wa mwisho ambao Aino alinunua.” Hapo ndipo nilipotamani sakafu ifunguke.

Alinieleza, na ndiyo siku aliyoongea zaidi tangu nimjue. Kwao wana pipi nyeusi za mzizi fulani mtamu, lakini wanazitia chumvi kali. Wanaziita salmiakki, na watoto wa huko wanazililia kama sisi tulivyolilia miwa. Wakati wao wanahama Finland, vijana walikuwa wamezuka na mtindo wa kutwanga zile zenye pilipili na kuzitia ndani ya vodka, na pombe hiyo wanaiita salmari. Pipi haziyeyuki upesi, ndiyo maana chupa inawekwa kwenye mashine ya kuosha vyombo ioge maji ya moto pamoja na sahani. Hakuna kuficha, wanafanya hivyo hadharani. Aino alijifunza kwa vijana wa ofisini, akiwa mama mzima, na akawa fundi kuliko wao. Kalenda yao ina majina ya watu, kila siku na jina lake, na siku ya jina la Aino ni mwezi wa tano. Kila mwaka siku hiyo marafiki zake wawili wazee wanakuja, wanamkumbuka Aino kwa kiglasi kimoja kimoja cha ile aliyokuwa anaitengeneza mwenyewe.

Nikamwuliza, kwa ukaidi wangu, kama pombe haijaharibu watu kwao. Akaniambia imeharibu wengi, na mmoja ni kaka yake mwenyewe, waliyemkuta amekufa kwenye theluji. “Pombe ni pombe, sikukatazi kuiogopa,” akasema. “Lakini kwa nini hukuniuliza ilikuwa ya nini?”

Nikamsimulia habari yako. Nilimsimulia kilio, wajomba waliotoka kijijini njia ya Kasenga, watu wa kanisa kwenye viti, na wewe ukiingia uani unayumba, bidoni ya kibuku imefungwa nyuma ya baiskeli. Nikamsimulia nilivyoifungua nikaimwaga mchangani, na nilivyosema, “Mlevi, hata leo?” Na wajomba walivyoinuka mmoja mmoja wakaenda kukaa barabarani. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali lile lile: “Na ile ilikuwa ya nini?”

Miaka minne, Sylvestre. Mimi ninayeuliza kila mtu kila kitu, hilo sikuwahi kuuliza.

Siku hiyo hiyo nilimpigia mama mdogo Odile. Nilipomwuliza ile kibuku ilikuwa ya nini, akaanza:

“We Godelive, kumbe hukujuwaka? Mama yenu mwenyewe njo alimutuma! Alikuwa pa kitanda ya hôpital, anamuambia Sylvestre: bandugu yangu bakikuya ku kilio, basikose kibuku ya kwetu, basiseme niliolewaka bure ku mujini. Mutoto alisukuma vélo siku mbili toka kule kijijini, hakulala, hakukula. Hata tone moja hakuonja. Weye ukamuita mulevi.”

“Mbona hakusema?”

“Aseme nini? Weye ni yaya yake. Angekubishia mbele ya bantu, mbele ya maiti ya mama?”

Ulikuwa unakunywa zamani, tusidanganyane, na uliniliza mara nyingi. Lakini siku ile miguu yako iliyumba kwa uchovu, na mimi nilikuwa nimeshaandaa hukumu kabla hujafika. Nilimwaga neno la mwisho la mama yetu mchangani, na wewe ukakubali kubeba aibu yangu ili mimi nisiaibike. Nisamehe, mdogo wangu. Sisemi nisamehe kwa sababu niko mbali au kwa sababu nimezeeka. Nilikukosea.

Tulitengeneza nyingine. Bwana Eero alinituma kwenye duka la kanisa lao, wanakouza vitu vya kwao, nikarudi na mifuko miwili. “Hazikuguswa na Aino,” akasema, “lakini kinu ni chake.” Kikinu chenyewe kidogo kama cha kuchezea. Alianza kutwanga yeye, nikamnyang’anya, maana alikuwa anabembeleza tu zile pipi. Mtu aliyetwanga mihogo kwa mama hawezi kutazama mambo kama hayo. Ndiyo, mimi, wa kwaya ya akina mama, nilitwanga, nikamimina, nikakaza kifuniko, nikabonyeza mashine kwa kidole changu. Mchungaji hajui, na wewe usimwandikie.

Ijumaa, siku ya jina la Aino, saa sita mchana wazee wawili walikuja wamevaa tai. Walikaa, mikono magotini, kimya. Bwana Eero akajaza viglasi mpaka juu, wakatazamana machoni, wakasema “kippis”, wakanywa kwa mkupuo mmoja. Kimya tena. Nikafikiri, haya ndiyo yote? Kisha mmoja akaanza kuongea, akimtazama Aino kwenye picha, mwingine akamdakia, na baada ya muda walikuwa wanacheka na kusahihishana. Kifini sikijui, lakini masimulizi ya marehemu nayajua, sauti yake ni moja kila mahali. Mimi nilipewa pipi. Unakuta chumvi, halafu dawa ya kikohozi, halafu pilipili inakupanda puani. Wazee watatu waliacha kila kitu wakautazama uso wangu. Nilimeza, Sylvestre. Na kesho yake Bwana Eero alimpigia Kaisa simu mwenyewe, akamweleza habari ya chupa tangu mwanzo. Kaisa amesema habari ya nyumba ya wazee imekwisha kwa sasa. Nami bado nina kazi.

Nisalimie Fifi sana, mwambie wifi yake anaomba kukaribishwa upya. Msalimie mama mdogo Odile, umwambie kwamba maneno yake yaliniuma inavyostahili. Msalimie mjomba mkubwa kama anakubali salamu zangu. Kama hakubali, mwache. Na jirani yetu aliyetuazima viti vya kilio, mwambie sijasahau kwamba kimoja kilivunjika.

Nimepata likizo mwezi wa nane. Ninakuomba jambo moja tu: waambie wanawake wa kijijini kwa wajomba wapike kibuku, bidoni nzima, kama ile. Mimi sitainywa, unanijua. Lakini nitateremka barabarani, pale pale walipokwenda kukaa siku ile, nijitwike kichwani na kuingia nayo uani, mbele ya wote walioniona nikiimwaga. Nikiyumba, wacha watu waseme wanachotaka.

Wewe njoo mikono mitupu.

Yaya wako,
Godelive