Mshumaa Ulionizimikia Mkononi

Corinne, pokea simu. Haya, basi soma.

Nimejifungia chooni kwenye nyumba ya chama chetu cha akina dada wa chuo. Beji yao bado iko mfukoni, ile niliyokuapia asubuhi kwamba leo namrudishia Delaney, mwenyekiti, halafu najitoa chamani.

Nimefika, nakuta wamesimama duara, taa zimezimwa, mshumaa unapita mkono kwa mkono. Unaujua mchezo wao: aliyechumbiwa anatangaza kwa kuupuliza uzimike, wengine tunapitisha kimya. Wakanivuta ndani.

Mshumaa ukanifikia. Nikawaza nitamwambiaje Delaney. Nikashusha pumzi.

Ukazimika.

Pumzi tu, Corinne. Nilishusha pumzi tu.

Nyumba nzima vigelegele. Delaney kanikumbatia, analia. "Na mimi nilidhani unataka kutuacha."

Nikasema sijachumbiwa. Wakacheka. "Tucker kakukataza kusema, eh?" Tucker mwenyewe tuliachana Jumapili.

Na mama kashapigiwa simu. Si unajua naye enzi zake alikuwa kwenye chama hiki hiki. "Mwanangu, nilijua hutaniangusha."

Hujasikia baya lenyewe. Taa zikawashwa, na wakati wanaimba nikageuka kulia, alikosimama Paisley, mtu pekee anayenijali humu. Amefumba kiganja. Kati ya vidole pete inachungulia. Mshumaa ulikuwa unakwenda kwake.

Ulikuwa unakwenda kwake.

Sasa hivi yuko mlangoni, anagonga taratibu. Ananong'ona, "Annelise, toka. Wanataka kuona pete. Chukua hii yangu."