Siku Tatu Nilizomzuia Deo

Jumanne, Malangali

Eti anasafishwa. Mimi ndiye niliyesema hivyo mwanangu Deo alipoanza kuhara, maana sisi tumekuzwa tukijua dawa kali hutoa uchafu. Kumbe dripu yake ya saratani ya mapafu huamsha askari wa mwili, na wakizidi ukali hugeukia utumbo wake mwenyewe. Hospitalini aliagizwa akihara awapigie simu siku hiyohiyo. Nikamnyang'anya simu.

"Dume zima linaogopa choo? Vumilia."

Siku tatu.

Leo wodini hawezi hata kuketi. Daktari hajui kama atapona.

Nesi akafoka, "Nani alikwambia usubiri?"

Deo akanitazama. "Ni mimi mwenyewe, dada."

Nami, ninayemkemea hata padri, nikanyamaza. Mpaka sasa nimenyamaza.